Iulize Tezi Kwanza

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wagonjwa wa tezi ya thairoidi na jamaa zao. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila nimepunguza marudio na vikohozi.)

Wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, na ninyi mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, asanteni kwa kuja.

Mlipoalikwa mliombwa jambo moja tu: kila mtu aje na kila anachokitumia kwa ajili ya tezi, kiwe kimetoka kwa daktari au kwa jirani. Mmetii kuliko nilivyotazamia. Itazameni meza hii. Vile vidonge vidogo vya asubuhi vimejikunyata kwenye kona ya kushoto. Sehemu yote iliyobaki imejaa makopo, pakiti za unga, mizizi iliyoviringishwa kwenye karatasi, matone ya iodini, na chupa moja ya kahawia isiyo na nembo wala herufi. Hiyo chupa nitairudia.

Mimi ni mfamasia. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka 23, na miaka 11 kati ya hiyo nimekuwa mgonjwa pia. Tezi yangu iliharibika pole pole, na kila alfajiri nameza mikrogramu 100 za levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotiwa kwenye kidonge. Sikuja kumkemea mtu hapa, maana mwaka wangu wa tatu wa kumeza nilikiacha kidonge. Naam, mfamasia mzima! Nilichoshwa na lile neno "maisha", kwamba hii dawa ni ya maisha. Rafiki ninayempenda akaniletea unga wa kijani wenye mwani, akasema nikiutumia tezi itaamka. Nikakifungia kidonge kabatini, nikaanza unga.

Wiki mbili za kwanza nilijisikia vizuri ajabu, nikawa nautangaza unga kwa kila anayenisalimu. Kufika wiki ya tisa nilikuwa nasinzia nikiwa nimekaa. Ngozi ya visigino ilipasuka. Sauti ilikuwa nzito hivi kwamba mwanangu alinipigia simu, akakata, akapiga tena, akauliza, "Mama yuko wapi?" Alidhani simu imepokewa na mwanamume. Nilipopima damu, TSH, kile kipimo kinachopanda tezi ikilegea, ilisoma 68, na wengi wenu hapa mnajua kwamba tunatarajia isome kati ya 0.4 na 4 hivi.

Sasa, zile wiki mbili nzuri zilitoka wapi? Homoni iliyomo kwenye kidonge, tunayoiita T4, haitoki mwilini haraka. Inahitaji takriban siku 7 kupungua hadi nusu. Ukiacha leo, baada ya wiki una nusu, baada ya wiki mbili una robo, baada ya tatu una nusu ya robo. Nilikuwa naishi kwa akiba ya kidonge, na sifa nikaupa unga. Hiyo ndiyo sababu pia daktari anapobadilisha dozi anakwambia urudi kupima baada ya wiki 6 hivi. Ukipima wiki ya pili unapima mabaki ya dozi ya zamani.

Tangu siku hiyo swali la "dawa au asili" naliona limekaa upande. Linauliza kitu kimetoka wapi, shambani au kiwandani. Mimi nataka tuulize kwanza tezi yenyewe imebakiwa na nini.

Ngoja nieleze kwa haraka, walioijua habari hii wanivumilie. Tezi ya thairoidi iko shingoni, chini kidogo ya kikoromeo, ina umbo la kipepeo, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20. Inachukua madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye damu na kuyatengenezea homoni. T4 ina atomi nne za iodini, T3 ina tatu. Sehemu kubwa ya kinachotengenezwa ni T4, halafu viungo vingine vya mwili vinaondoa atomi moja na kupata T3, ambayo ndiyo yenye nguvu. Juu kule, chini ya ubongo, kuna tezi nyingine, pituitari, inayoisimamia. Ifikirie kama mama anayemwita mtoto aliyeko uani. Mtoto akiitika, mama anaita kwa sauti ya chini. Asipoitika, mama anapaza sauti. TSH ndiyo sauti ya mama. TSH 68 ni mama anayepiga kelele hadi majirani wanatoka nje.

Lakini mtoto asiyeitika anaweza kuwa na sababu nyingi. Huenda ana njaa, huenda amelala, huenda amehama nyumba kabisa. Hapo ndipo tunapogombana bure. Mmoja anasema "mimi nilipona kwa chumvi", mwingine anasema "mimi chumvi ilinizidishia", na wote wawili wanasema kweli.

Chukueni tezi yenye njaa, ile iliyokosa madini joto. Hiyo dawa yake ni ya asili kabisa, na hakuna ushindi mkubwa kuliko huo katika historia ya ugonjwa huu. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akishughulika na majivu ya mwani, akaona moshi wa zambarau ukipanda. Ilikuwa iodini, ambayo hakuna mtu aliyeijua. Miaka 9 baadaye daktari wa Geneva, Jean-François Coindet, akaanza kuwapa watu wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni. Wengine rovu lilinywea. Wengine walianza kutetemeka, mioyo ikawaenda mbio, kwa sababu aliwapa nyingi mno. Ilichukua miaka mia moja mpaka Uswisi, nchi ya milima iliyokuwa na mashingo yaliyovimba na watoto waliozaliwa wamedumaa akili kwa kukosa madini haya, ikaanza kuyatia kwenye chumvi mwaka 1922, kwa kiasi kidogo sana. Jimbo la Michigan, Marekani, likafuata mwaka 1924. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Mikrogramu 150 hata huwezi kuzishika kwa vidole.

Sasa geukieni tezi ya aina yangu. Mjapani Hakaru Hashimoto aliieleza mwaka 1912. Kinga ya mwili inaigeukia tezi na kuila kidogo kidogo, kwa miaka, na wanawake tunaipata mara nyingi kuliko wanaume. Pale ambapo chumvi ina madini joto ya kutosha, hii ndiyo sababu kubwa ya tezi kushindwa kazi. Tezi hii haina njaa. Iletee mwani, iletee matone ya iodini, na mara nyingi utazidisha moto, maana iodini ikizidi ghafla huifunga tezi isitengeneze homoni. Tezi yenye afya huanza kazi tena baada ya siku chache. Tezi inayoshambuliwa mara nyingi hushindwa. Unga wangu wa kijani ulikuwa na mwani, na mwani una iodini kwa viwango vinavyotofautiana vibaya sana kati ya aina na aina, hata kati ya mfuko na mfuko. Kwa hiyo nilijifanyia makosa mawili kwa pamoja. Niliondoa homoni niliyokosa, na nikaongeza madini nisiyokosa.

Halafu kuna tezi iliyohama nyumba, ya mtu aliyefanyiwa upasuaji ikatolewa yote, au aliyepewa iodini ya mionzi ikaunguzwa. Huyu mnamwambia ale nini ili tezi "iamke"? Nilishawahi kumsikia mtu akimshauri hivyo mama mwenye kovu shingoni, kovu analoliona kwa macho. Nilinyamaza kwa sababu ya hasira, na najuta.

Na kuna tezi iliyolala tu. Wapo kina mama ambao baada ya kujifungua tezi huvurugika, huenda mbio miezi michache, kisha hulegea, kisha kwa wengi hurudi sawa ndani ya mwaka mmoja. Mama wa namna hii akinywa chai yoyote ya majani mwezi wa nane, atapona mwezi wa kumi, na chai itapata jina. Huenda aliyekuletea ule mzizi pale mezani ni mmoja wao. Hakudanganyi. Alipona kweli.

Sasa nije kwenye kidonge chenyewe, maana nacho kinasingiziwa mengi. Mnakiita "kemikali". Mwaka 1891 Uingereza, daktari George Murray alimchoma sindano ya majimaji ya tezi ya kondoo mwanamke wa miaka 46 ambaye tezi yake ilikuwa imekufa. Wakati ule ugonjwa huo uliishia kaburini. Yule mama aliishi mpaka 1919, akafa na miaka 74. Siku ya Krismasi mwaka 1914, Edward Kendall wa Kliniki ya Mayo, Marekani, akapata fuwele za homoni yenyewe. Ili apate gramu 33 alihitaji karibu tani tatu za tezi za nguruwe. Charles Harington akafumbua muundo wake mwaka 1926, na mwaka uliofuata ikatengenezwa maabara. Molekuli iliyomo kwenye kidonge changu cha alfajiri ni ileile iliyokuwa ikitoka shingoni mwangu nikiwa msichana, atomi kwa atomi. Kwa dozi yangu nameza miligramu 36 na nusu za homoni kwa mwaka mzima. Ukiziweka kwenye kijiko cha chai hazifuniki hata ncha.

Ndiyo maana huwa natabasamu mtu anaponiambia anataka "ya asili", yaani vidonge vya tezi ya nguruwe iliyokaushwa. Kwa nguruwe hiyo ni asili yake kabisa! Lakini tezi ya nguruwe huwa na T4 nne kwa T3 moja hivi, yetu ni kama 14 kwa moja. T3 hiyo ya ziada inapanda haraka na kushuka haraka, na wengine huisikia moyoni. Hata hivyo sitaidharau. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 70 waliopewa vidonge vyote viwili kwa zamu, bila kujua wanakunywa kipi. Vipimo vya ubora wa maisha havikutofautiana, lakini karibu nusu yao walisema walikipenda zaidi cha nguruwe, na waliokuwa nacho walipungua zaidi kidogo ya kilo moja. Wapo watu ambao TSH yao inasoma vizuri kwa levothairoksini na bado wanaamka wamechoka. Ninawahudumia, nawajua kwa majina. Daktari anayewaambia "kipimo kizuri, nenda nyumbani" anawasukuma mwenyewe mikononi mwa muuza unga. Mgonjwa wa namna hii apimwe damu na madini chuma, apimwe vitamini B12, aulizwe anavyolala, na ikibidi mtaalamu wa homoni ajaribu kumwongezea T3 kidogo, kwa uangalizi. Hayo ni mazungumzo ya haki.

Ninachokikataa ni homoni iliyofichwa. Mnaona makopo haya manne yaliyoandikwa maneno ya "kusaidia tezi"? Nimeyapanga pamoja kwa makusudi. Mwaka huohuo wa 2013 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya kupima virutubisho 10 vya namna hii vilivyokuwa vikiuzwa bila cheti cha daktari. Tisa vilikuwa na T3 ndani. Vitano vilikuwa na T4. Kwa baadhi yake, ukifuata maelekezo ya kopo, unakunywa homoni kiasi cha dozi ya daktari, bila daktari na bila kipimo. Kwa hiyo mtu akija kwangu akasema, "Kopo hili limenipa nguvu kuliko dawa yenu," mimi namwamini. Huenda ndani yake kuna dawa yetu.

Na homoni ni homoni hata ikija na nyama. Kati ya 1984 na 1985, huko Marekani, majimbo ya Minnesota, South Dakota na Iowa, watu 121 waliugua: mioyo mbio, jasho, usingizi hakuna, uzito unashuka. Madaktari walihangaika. Mwishowe ikagundulika kwamba kwenye kiwanda cha nyama, nyama ya shingo ya ng'ombe ilikuwa inakwanguliwa pamoja na tezi na kusagwa. Walikuwa wamekula thairoidi kwenye nyama ya kusaga. Hakuna aliyetia kemikali yoyote.

Upande wa pili wa vyakula, mtaniuliza habari ya kabichi. Kila mara naulizwa kabichi! Ipo habari iliyochapishwa mwaka 2010 ya bibi wa miaka 88 aliyeletwa hospitali akiwa hajitambui, tezi imezimika. Alikuwa amekula kabichi ya Kichina mbichi, kilo moja hadi moja na nusu kila siku, kwa miezi kadhaa, akiamini itamshushia sukari. Rudieni kusikia: mbichi, kilo nzima, kila siku, miezi. Ukiipika, kimeng'enya kinachozalisha zile sumu za kuizuia tezi kinaharibika kwa sehemu kubwa. Kula kabichi yako iliyopikwa kwa amani.

Seleniamu, madini mengine, nayo ina hoja, tezi inaihitaji kweli. Mahitaji ni mikrogramu 55 kwa siku na mwisho ni 400, na nimeona hapa mezani mtu mwenye makopo mawili tofauti ambayo yakijumlishwa yanavuka huo mpaka. Kwa wenye ugonjwa wa Hashimoto, tafiti kadhaa zimeonyesha inapunguza kingamwili, wale askari wa kinga wanaoishambulia tezi, kwenye damu. Lakini kingamwili kupungua si tezi kurudi. Ashwagandha, mmea wa tiba za Kihindi, hii hapa ya kapsuli, inaweza kupandisha homoni, na wapo walioumia ini kwa kuitumia. Mwenye tezi inayokwenda mbio asiiguse.

Nitakaa kidogo kwenye kopo hili la waridi, kwa sababu halikuandikwa neno tezi mahali popote. Ni la nywele, kucha na ngozi. Limeletwa na dada mmoja ambaye nywele zinamkatika, jambo la kawaida kwetu. Ndani kuna biotini, aina ya vitamini B, mikrogramu 10,000 kwa kidonge. Mwili unahitaji kama 30. Biotini hiyo haidhuru tezi. Inachodhuru ni kipimo. Mashine nyingi za maabara zinatumia biotini katika namna ya kupima, na ile iliyozidi kwenye damu yako inaivuruga mashine. TSH inasoma chini kwa uongo, T4 inasoma juu kwa uongo. Daktari anaona tezi inakwenda mbio, anakupunguzia dozi ambayo pengine ilikuwa haitoshi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya hili mwaka 2017. Acha hilo kopo siku mbili au tatu kabla ya kutoa damu, na mwambie anayekutoa.

Nasi wa makoti meupe tusijifiche. Kuna watu wameanzishwa kidonge ambao hawakukihitaji. TSH inasoma 5.8 mara moja tu, mtu ana mafua, hajalala, na anatoka na cheti cha maisha. Kwa mtu wa namna hii, ikiwa T4 yake iko sawa, kipimo kirudiwe baada ya miezi miwili mitatu, kwa sababu mara nyingi kinarudi chenyewe. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Ulaya wa wazee 737 wenye miaka 65 na zaidi, waliokuwa na TSH iliyopanda kidogo. Nusu walipewa levothairoksini, nusu kidonge kitupu. Baada ya mwaka, uchovu na dalili nyingine hazikutofautiana. Mzee wa namna hiyo akiniambia anataka kusubiri, kutembea kila jioni na kulala vizuri, mimi niko upande wake. TSH ikivuka 10, mazungumzo yanabadilika.

Kidonge kikizidi kina hasara zake. Moyo unapoteza mpangilio wa mapigo yake, hasa kwa wazee, na mifupa inapungua, hasa kwa kina mama waliokoma hedhi. Kwa wale wanaokinunua ili wapungue uzito na tezi zao ni nzima, huko Marekani onyo limeandikwa kwenye karatasi ya dawa yenyewe ndani ya kisanduku cheusi, kwa kuwa dozi za kukupunguza zinaweza kukuua.

Kwa mjamzito sina mjadala. Mtoto tumboni anategemea homoni ya mama miezi ya mwanzo, kabla tezi yake haijaanza kazi sawasawa, na ubongo wake unajengwa wakati huohuo. Kama uko kwenye levothairoksini na umeona mimba, mahitaji yako yanapanda kwa robo au zaidi. Wataalamu wengi humwambia mama aongeze vidonge viwili kwa wiki papo hapo, huku akienda kupima. Panga hilo na daktari wako kabla ya mimba, uwe unajua cha kufanya siku hiyo. Na mtoto anayezaliwa bila tezi inayofanya kazi, ambaye hupatikana kama mmoja kwa kila watoto 2,000 hadi 4,000, akianza kidonge ndani ya wiki mbili za kwanza anakua na akili zake timamu. Usimsubirishe huyo kwa majani.

Wenye tezi inayokwenda mbio leo nawapitia kwa kifupi, mna mkutano wenu. Ila mwani na iodini kwenu ni kuumwagia moto mafuta ya taa. Na mnaokunywa kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi ya namna hiyo, homa na koo kuuma ghafla si la kusubiri: mpige simu siku hiyo hiyo mpimwe chembe nyeupe za damu.

Nina mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu. TSH yake ilikaa 14 mwaka mzima. Dozi ilipandishwa mara mbili, haikushuka. Alishakata tamaa na kuanza kuulizia mizizi. Nikamwomba anisimulie asubuhi yake, dakika kwa dakika. Anaamka, anamimina kahawa, anachukua kisanduku chake cha vidonge cha siku saba, anafungua kidirisha cha siku hiyo, anamimina vyote kiganjani: cha tezi, cha kalsiamu, cha madini chuma, cha vidonda vya tumbo. Anavimeza kwa mkupuo mmoja na kahawa. Mpangilio mzuri sana, binti yake ndiye aliyempangia. Lakini kalsiamu na madini chuma vinakishika kile kidonge kidogo tumboni kisipite, kahawa inakipunguza, na dawa ya vidonda inapunguza asidi ambayo kidonge kinaihitaji kuyeyuka. Tulibadilisha kitu kimoja. Cha tezi kikahama kisanduku, kikaenda kando ya kitanda na glasi ya maji. Anameza akifumbua macho, anasubiri saa nzima kabla ya kahawa, kalsiamu na chuma vinasogezwa mbele kwa muda wa saa nne. Baada ya wiki 7 TSH ilisoma 2.1, ikabidi dozi ipunguzwe. Alikuja kaunta akiwa amevaa viatu vya kutembelea, akaniambia kwa sauti ya kulaumu, "Kumbe mwaka mzima nilikuwa nailisha kalsiamu kidonge changu!"

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akitaka kujaribu kitu cha asili kando ya dawa yake, simfukuzi. Namwomba asiache kidonge, ajaribu kitu kimoja tu kwa wakati, aandike tarehe aliyoanza, apime kabla na apime tena baada ya wiki 6 hadi 8, na aniletee kopo nisome nyuma yake. Mkijaribu vitu vitano kwa pamoja hata mimi siwezi kuwaambia kipi kimefanya nini.

Sasa chupa ya kahawia. Nimeifungua. Inanukia tangawizi na kitu kingine chenye uchungu nisichokitambua. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna kiasi, na imebaki nusu, maana yake kuna mtu ameshakunywa nusu nyingine. Aliyeileta aliniambia mlangoni, kwa kunong'ona, kwamba ameacha kidonge mwezi mmoja uliopita na anajisikia mzima. Sitasema ni nani. Lakini ukiwa tayari, dada yangu, njoo tukae pale pembeni. Kuna mambo matatu nitakuuliza: tezi yako ilipatwa na nini, TSH ya mwisho ilisoma ngapi, na ilipimwa tarehe gani. Umesema karatasi unayo kwenye mkoba. Njoo nayo.